Kicheko changu kilirudi Kirumba

Saa moja kasorobo asubuhi, kijiwe cha bodaboda, Kona ya Bwiru. Dereva wangu wa kila siku alikuwa anamalizia chai huku ameinamia simu, mabega yanamtikisika. Aliponiona akanivuta mkono.

"Mkenya, njoo uone hii. Utavunjika mbavu."

Video ilikuwa ya sekunde 38. Mama wa makamo yuko mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, mbele ya turubai lenye dagaa, anagombana na korongo. Ndege amesimama kama afisa aliyekuja kukagua: mabega juu, kipara wazi, mfuko wa shingo unaning'inia. "Wewe mzee," mama anamwambia, "jana umekula, juzi umekula, leo toa hela." Korongo anainamisha kichwa, anachota dagaa mdomo mzima, anarudi nyuma hatua mbili. Mama anashika kiuno. "Haya nenda. Deni naandika." Nyuma yake mbingu ni nyeusi na pembe ya turubai inapigapiga kwa upepo.

Juu ya picha mtu ameandika kwa herufi nyekundu: WASUKUMA BWANA. Amepachika na muziki wa kuchezesha mabega. Lakini muziki haukufunika sauti yote. Mwishoni kabisa anasikika mwanamume asiyeonekana, anacheka mpaka pumzi inakata, halafu anakohoa.

Kicheko kile ni changu.

Dereva hakujua. Nilimrudishia simu, nikasema "kali hiyo," nikapanda. Njia nzima mpaka kiwandani sikuongea, naye akadhani nimeamka vibaya.

Hiyo ilikuwa wiki sita zilizopita. Nimejaribu kuiacha, haiachiki.

Lete za Mwanza

Mimi ni mtoto wa Likoni, Mombasa. Mwaka huu natimiza miaka sita hapa Mwanza, nahudumia vyumba vya ubaridi na mitambo ya barafu kwenye viwanda vya samaki. Minofu ya sangara haisubiri mtu, kwa hiyo na maisha yangu huku yanaenda kwa saa za kompresa: ikizima usiku wa manane, naamka.

Kitu kimoja hakijawahi kukosa. Kila Jumapili saa tatu usiku familia yetu hukutana kwenye kundi la WhatsApp, watu 14, na kila mmoja huleta kitu cha kuchekesha alichookota wiki ile. Dada yangu mkubwa huleta wanyama. Ndiye aliyeleta paka aliyelala juu ya mizani ya duka, sindano inasoma kilo nne na robo. Mjomba wa Mtwapa huleta maandishi ya malori. Mimi huambiwa: "Haya, lete za Mwanza."

Nami nimezileta. Niliwaletea bodaboda iliyobeba kochi, na mwenye kochi ameketi juu yake kwa utulivu. Niliwaletea wingu la wadudu wa ziwani, wale wanaotoka majini kwa mamilioni wakapanda angani kama moshi, nikaandika "ziwa linaungua," na shangazi mmoja akaanza kuomba dua kabla sijamweleza. Niliwaletea nyumba za mlimani Igogo zilizojengwa kati ya miamba, jiwe moja kubwa kuliko nyumba tatu, na nikasema kwa sauti kwamba huku watu na pimbi wanapangisha mtaa mmoja. Nilifanya na lafudhi. Niliiga Kiswahili cha mlinzi wetu, jinsi anavyoyavuta maneno Kisukuma, na dada zangu wakaniomba nirudie.

Nikarudia.

Asiyewahi kuishi ugenini peke yake huenda asielewe kundi lile lilikuwa nini kwangu. Mwaka wa kwanza sikuwa na mtu. Nilikuwa nikitamka "tungule" sokoni Mabatini muuzaji ananitazama tu, mpaka mtu wa nyuma aseme "anataka nyanya." Jioni ziwa lilinikosesha raha: maji mengi kama bahari, lakini hayanuki chumvi, hayajai wala hayakupwi. Ziwa lina kilomita za mraba karibu 68,800, na Kenya yetu ina asilimia 6 tu ya hayo, tena upande ambao sijawahi kuishi. Kila kichekesho nilichotuma kilikuwa njia ya kurudi barazani kwetu kwa dakika kumi. Nilipoona kitu cha ajabu barabarani, kabla hata sijakitazama vizuri, nilikuwa nimeshafikiria watakavyocheka.

Ni hapo nilipoanza kukosea, nadhani. Kabla sijakitazama vizuri.

Mishale miwili

Video ya korongo niliituma Jumapili moja ya masika. Walicheka kuliko siku zote. Binamu yangu wa Nairobi akaomba ruhusa ya kuiweka mtandaoni, nikamwambia "weka," kama mtu anayetoa ruhusa ya kitu chake.

Ilipofika Kona ya Bwiru ilikuwa na ile mishale miwili ya ujumbe uliopita mikononi mwa wengi. WhatsApp walianza kuonyesha mishale hiyo mwaka 2019, mwaka uleule walioweka kikomo cha kutuma ujumbe kwa watu au makundi matano kwa mara moja duniani kote; Aprili 2020 ujumbe wa mishale miwili ukapunguziwa hadi mmoja kwa mara moja. Maana yake kila aliyeipeleka mbele alilazimika kuchagua mtu mmoja au kundi moja, abonyeze, kisha arudi tena kwa mwingine. Watu wamefanya kazi kuifikisha pale.

Nilisoma maoni mahali ilipowekwa. Mengi ni vicheko vitupu. Mengine yanasema "washamba hawa," "ukitaka kucheka nenda Usukumani," na mtu mmoja ameandika kwa lafudhi ileile niliyokuwa naiiga mimi.

Kwa siku kadhaa nilijitetea. Dereva wangu mwenyewe ni Msukuma wa Magu na alicheka mpaka chai ikammwagikia. Mwenzangu kazini aliniambia najipa umuhimu, kwamba kesho watu watakuwa na video nyingine. Kuna sheria pia: Kenya ina ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania ina ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022. Nilizipekua zote usiku mmoja nikazifunga. Nilichokuwa natafuta hakikuwamo.

Kilichonirudia kila nikilala kilikuwa sauti ya mama yangu. Yeye huchelewa kundini, husikiliza yote kwanza. Usiku ule watu walipokwisha kucheka, alituma sauti fupi.

"Nimecheka mwanangu, hata machozi yamenitoka. Lakini yule mama wa watu, dagaa wake kuna aliyemlipa?"

Nilimjibu kwa kikaragosi cha kucheka.

Mtani huwa na uso

Huku bara utani una kwao. Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana tangu enzi za misafara ya bara na pwani, na Wasukuma, ndugu wa Wanyamwezi, wamelelewa kwenye desturi hiyohiyo. Nimewahi kuona msibani, Nyakato, mtani anaingia katikati ya vilio, analala kwenye nafasi ya marehemu, anadai alipwe ndipo aondoke, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Mgeni angedhani ni dharau. Lakini mtani yuleyule ndiye aliyekuwa amechota maji tangu alfajiri na kushika jembe kaburini.

Anakutania ukiwa mbele yake. Unaweza kumjibu, na kesho ni zamu yako. Akizidisha, anatozwa.

Mimi nilikuwa nimechukua sekunde 38 za mtu, nikazipeleka mahali ambapo hawezi kujibu. Sikushika jembe la mtu yeyote.

Ambayo sikutuma

Jirani yangu ni mzee mstaafu. Jioni ya tarehe 21 Mei, mwaka wangu wa pili, nilimkuta ameketi ngazini amevaa koti, anatazama ziwa. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia ametoka Igoma, makaburini. Dada yake alikuwa ndani ya MV Bukoba, meli iliyozama ziwani 1996. Wamezikwa wengi pale.

Nikakaa. Nikamwambia natoka Likoni, na tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilizama, wakafa watu zaidi ya 250. Nilikuwa na miaka mitano. Ninachokumbuka ni mikeka: uwani kwetu ilitandikwa mikeka mpaka nje ya lango, na sikuruhusiwa kukanyaga. Mzee akasema, "Basi wewe ni wa hukuhuku." Tukakaa mpaka giza likaingia, na hatukuongea mengi tena.

Jumapili iliyofuata nilituma ile bodaboda ya kochi.

Sikumtuma mzee wala ngazi. Sikumtuma mama mpangishaji aliyenibeba kwa bajaji hadi hospitali ya Bugando homa iliponizidi, akalala kwenye benchi usiku kucha na kanga yake begani. Sikutuma siku nilipovuka daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kilomita kama tatu juu ya maji, dakika chache tu badala ya kusubiri pantoni, na nikajikuta koo limenikaba kwa sababu kwetu Likoni tungali tunapanga foleni. Hayo hayakuchekesha. Baada ya miaka sita, mama yangu anaijua Mwanza ya kucheka tu. Ananiuliza, "Huko kwenu kwa vituko hamjambo?" na hiyo picha nimeichora mimi mwenyewe.

Mdomo mmoja wa dagaa

Kwa hiyo nilianza na swali la mama. Dagaa wanaoingia kwenye mdomo wa korongo ni wangapi?

Korongo wetu si mdogo. Akisimama hukaribia kimo cha mtu, na akitanua mabawa huvuka mita mbili na nusu. Mdomo ni koleo.

Dagaa nao hawaji kirahisi. Huvuliwa usiku wa giza, taa zikiwashwa juu ya maji wawafuate. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za sola. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazifanyi kazi, wavuvi wanapumzika, bei inapanda. Asubuhi mama ananunua wabichi, anawatandaza, anawageuza, anawalinda na ndege, anawaombea jua. Wakikauka vizuri wanang'aa kama sindano na wanaingia kwenye magunia ya kwenda Kongo, Burundi, Rwanda. Mvua ikiwanyeshea kabla hawajakauka wanageuka rangi, wananuka, na hapo hakuna mteja wa chakula cha watu. Wanabaki chakula cha kuku.

Mvua. Nilipoandika neno hilo ndipo nikaifungua tena video, nikazima sauti.

Mbingu nyeusi. Pembe ya turubai inapigapiga.

Nilikuwa nimeitazama labda mara 20.

Wa kikohozi

Nilikwenda Kirumba Jumamosi. Nilimkuta anapepeta, ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, kilemba cha kijani kimefungwa vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sado au gunia?"

"Nimekuja kwa ajili ya ile video ya korongo."

Ungo ukasimama. "Wewe ni nani?"

"Ndiye niliyepiga."

Alinitazama viatu kwanza, akapanda taratibu mpaka usoni. "Kumbe wewe ndiye wa kikohozi."

Akageuka akawaita wenzake wawili wa vizimba vya pili. "Njooni mmuone wa kikohozi!" Wakaja na mikono yenye magamba, wakanizunguka. Mmoja akaniigiza, akacheka mpaka akakata pumzi, akakohoa, sawasawa kabisa. Wote wakaangua. Mimi nikasimama katikati. Wakanitaka nikohoe nisikike kama ni mimi kweli, na nikakohoa.

Walipotawanyika akanisogezea kreti nikae.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno kuhusu heshima, kuhusu Wasukuma, kuhusu lafudhi. Hakugusa hata moja. "Watu kucheka wanacheka," alisema. "Mimi mwenyewe nilicheka. Mwanangu ndiye aliyenionyesha." Akanyamaza, akatoa kichwa cha dagaa kwenye ungo, akakitupa. "Siku ile dagaa walikuwa juu ya kichanja. Mvua ikaonekana inakuja kutoka ziwani, msichana anayenisaidia hakuja, nikaanza kuwashusha kwenye turubai nikimbize ndani. Wewe ulikuwa umesimama pale." Akaonyesha kwa kidole, na nikapakumbuka. "Mtu mzima, mikono miwili. Nilidhani utaniambia, mama, shika huku nishike huku."

Sikuwa na la kusema.

"Nusu walilowa. Nimewauza kwa watu wa kuku."

Halafu kuna mteja wake wa Kahama, wa miaka mingi, aliyempigia simu akauliza kwa kucheka: hawa ndio wale wa korongo? Aliuliza kwa mzaha lakini mzigo wa mwezi ule hakuchukua. Mimi kazi yangu ni usafi wa samaki. Najua korongo hujinyea miguuni ili apoe, ndiyo sababu miguu yake huonekana kama imepakwa chokaa, na najua mnunuzi anayeona miguu ile karibu na dagaa anafikiria nini. Najua hayo yote, na nilicheka.

Nikamwambia nataka kulipa. Alifikiri kidogo, hakunionea haya wala hakunihurumia. Akataja hasara ya waliolowa, bei ya watu kutoa bei ya kuku, kisha akaongeza elfu mbili.

"Hiyo elfu mbili ni ya korongo. Nilisema deni naandika."

Nililipa. Akazihesabu, akazifunga kwenye pindo la kitenge. "Limefutwa," akasema.

Nikamuuliza kama nijaribu kuifuta ile video. Binamu alishaiondoa ya kwake, lakini nilimweleza kwamba zilizokwisha kusambaa siwezi kuzifuata. Akasema basi nipige nyingine. Nipige vichanja, nipige dagaa walivyo sasa, na yeye akiwa na kilemba. Akanipanga kama fundi: simama huku, jua liwe mgongoni kwako, usicheke. Mara ya kwanza hakuipenda kwa sababu ungo wa jirani ulionekana. Ya tatu ndiyo aliyoikubali. Anachota dagaa kwa viganja viwili, anawaachia waanguke polepole, wanalia kama mchanga mkavu. Anasema wapo, ni wakavu, hawana mchanga, karibuni.

Niliiweka. Haijapata mshale hata mmoja. Lakini nilimtumia mteja wa Kahama kwa namba aliyonipa mama, na juzi akaniambia amechukua magunia mawili.

Vichwa

Jumapili ile sikuleta kichekesho. Niliweka video ya dagaa kundini, na chini yake nikaandika yote, kuanzia turubai mpaka elfu mbili, na mzee wa Igoma pia, na benchi la Bugando. Iliingia kimya. Nilidhani nimeharibu usiku wa watu. Baadaye mjomba wa Mtwapa akauliza yule jirani bado yuko, akaomba nimpe salamu. Mama alichelewa kama kawaida, na alipokuja aliuliza sado moja ni kiasi gani.

Nilipeleka sado tatu kwa basi, zikapita Sirari, zikalala Nairobi kwa binamu, zikashuka Mombasa. Siku ya nne mama alituma picha: dagaa ndani ya chungu, nazi nzito, ndimu pembeni.

Nikaipeleka Kirumba. Mama wa dagaa alipangusa kidole kwenye kitenge, akaivuta picha kwa vidole viwili, akaikuza, akaikuza tena.

"Ametoa vichwa."

"Kwetu wanatoa."

"Lete hiyo simu." Akabonyeza kipaza sauti mwenyewe. "Mwangaluka mama Likoni. Mimi ndiye wa korongo. Wabeja kwa kunifikiria dagaa wangu, mwanao amelipa. Lakini hivyo vichwa umevipeleka wapi? Vichwa ndiyo dagaa!"

Jibu lilikuja kabla hajarudi kwenye ungo wake. Tulisikia kuku kwanza, halafu mama.

"Vichwa nimempa paka, dada yangu. Na huyo paka tangu jana hataki kitu kingine. Sasa naye nimlishe na nini?"

Mama wa dagaa akacheka mpaka kilemba kikalegea. Akawaita tena wale wenzake wawili waje wasikie, na mimi nikairudisha sauti mwanzo.